Labubu, LEGO na foleni ya alfajiri: niliyojifunza katika kuuza tena midoli adimu

Krismasi inapokaribia huanza kupokea ujumbe kutoka kwa Waswahili wenzangu, wa hapa London na wengine wa Marekani na Uholanzi. "Dada, nasikia unaijua hii biashara ya midoli. Mtu anaanzia wapi?" Wengi wanataka kujua mtaji na mahali pa kupata mzigo. Wachache huongeza swali jingine: hivi ni halali kununua mdoli dukani kwa paundi 17.50 asubuhi, na jioni kumuuzia mzazi mwenzako kwa 50? Najibu maswali yote mawili hapa kwa pamoja, maana kwangu mimi yamekuja kuwa swali moja.

Nilianza na LEGO, vile vipande vya plastiki vya watoto kujengea, miaka kadhaa kabla mtaa wetu haujalijua jina la Labubu. Jumapili nilikuwa nakwenda kwenye yale masoko ambayo watu huegesha magari uwanjani, wakafungua buti na kuuza vitu vya nyumbani. Mtu anauza mfuko mzima wa vipande vya LEGO vilivyochanganyika, vina vumbi na nywele za paka, kwa bei ya kuviondoa tu nyumbani. Unafika nao kwako, unaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni (maji yakizidi nyuzi 40 vipande huweza kupinda), unaanika, unatenganisha rangi, halafu unaanza kutafuta mfuko huo umebeba seti gani. Maelekezo ya kujengea LEGO wanayatoa bure kwenye tovuti yao. Unahesabu kipande kwa kipande, vinavyokosekana unavinunua kimoja kimoja kwenye soko la mtandaoni la BrickLink, na mwisho unakuwa na seti kamili ambayo dukani haipo tena kwa miaka. Ni kazi ya macho na mgongo. Ukigawa faida kwa saa ulizokaa sakafuni, utaona mshahara wa usafi wa ofisi ni mkubwa zaidi. Lakini nilipouza sikuwahi kuona haya kutaja bei. Mnunuzi alikuwa akilipia kitu ambacho bila mimi kingeishia jalalani.

Hata huko maswali yalikuwapo. Bibi mmoja mzungu alikuwa anauza vitu vya mjukuu wake aliyekua akahama, na ndani ya boksi nikaona vijisanamu ambavyo nilijua kimoja tu kinazidi bei ya boksi lote. Mfanyabiashara mwenzangu nisingemwambia, kwa sababu kujua bei ni kazi yake kama ilivyo yangu. Bibi yule nilimwambia. Tukakubaliana nusu kwa nusu, naye akawa ananipigia simu kila jirani yake anapotaka kuuza vitu vya watoto. Mtu akiniuliza namna ya kupata mzigo mzuri, hilo ndilo jibu langu la kwanza: wazee wakuamini, watakuita.

Ikaja 2025 na Labubu. Kwa wasiomfahamu, Labubu ni kiumbe mwenye masikio ya sungura na meno ya msumeno, aliyebuniwa na Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi. Alitokea kwanza mwaka 2015 katika hadithi zake za picha, na mwaka 2019 kampuni ya Pop Mart ya China ikaanza kumtengeneza kama mdoli. Aprili 2024 mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink akaonekana naye mkobani, na kuanzia hapo mambo yakabadilika. Mdoli huuzwa ndani ya boksi lililofungwa, hujui umepata yupi mpaka ulifungue. Katika toleo lililotoka Aprili 2025 walikuwamo sita wa kawaida na mmoja wa siri, ambaye kampuni yenyewe husema hupatikana mara 1 katika maboksi 72. Maboksi 72 kwa paundi 17.50 ni paundi 1,260, na hata ukiyanunua yote huna hakika ya kumpata. Huko China wenyewe, mwongozo wa serikali wa 2023 unakataza maboksi ya namna hii kuuzwa kwa watoto walio chini ya miaka minane. Hapa kwetu mtoto anaingia na hela yake ya sikukuu na kutoka na boksi.

Dada mmoja tunayefahamiana msikitini aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp. Walikuwamo Watanzania, Wakenya, dada mmoja wa Bukavu na vijana wengi waliozaliwa hapa hapa. Kazi ilipangwa vizuri sana. Mmoja anafuatilia mzigo utashuka duka gani, mwingine ana simu kadhaa zenye akaunti tofauti za kununulia mtandaoni, na vijana wanalipwa kukaa foleni tangu usiku. Duka lilipoweka kikomo cha maboksi kwa kila mteja, sisi tuliongeza watu. Niseme ukweli, faida yake ilishinda LEGO kwa mbali. Unanunua alfajiri, unapiga picha, unaweka kwenye masoko ya mtandaoni kama Vinted au eBay, na kabla ya adhuhuri limekwenda. Hakuna kuosha, hakuna kuhesabu vipande. Mapato yale yalilipia nauli za watoto kwenda kwa bibi yao Tanga, na sisemi kwamba hela hiyo ilikuwa na harufu mbaya. Ilinunua furaha ya kweli nyumbani kwangu.

Asubuhi moja tulikuwa nje ya duka fulani mashariki mwa London. Vijana wetu walikuwa mbele, nyuma yao watu wengine, na baba mmoja na binti yake wa miaka kama tisa wamejifunika blanketi. Mzigo ulikwisha kabla hawajafika mlangoni. Kulikuwa na kusukumana na matusi, mlinzi akafunga mlango. Baba yule aliniona na mifuko, akaniuliza kwa adabu kabisa kama nauza. Nikamtajia bei ya mtaani. Alitoka pembeni, akazungumza na binti yake, akarudi akalipa. Alinishukuru pia. Hakuna mtu aliyenilaumu siku ile, wala yeye. Ila nilipokuwa kwenye treni nilijaribu kuwaza ni huduma gani niliyompa, na kila nilipoitafuta nikaikosa. Mfuko wa LEGO niliutoa gizani nikaufikisha kwa mtu asiyeweza kuupata. Boksi lile lilikuwa hatua chache mbele ya baba yule, kwa bei aliyokuja nayo mfukoni. Kitu pekee nilichomfanyia ni kusimama mbele yake.

Mwezi Mei, baada ya taarifa za watu kupigana madukani, Pop Mart iliondoa Labubu kwenye maduka yake yote 16 ya Uingereza mpaka Juni, ikieleza kuwa ni kwa ajili ya usalama. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kazini, na kabla sijaimaliza kundi letu lilikuwa limejaa vigelegele. Bei ilipanda saa ile ile. Mwenye maboksi kumi chini ya kitanda alikuwa tajiri wa wiki. Nikajikuta nami najiambia, laiti wasingerudisha mzigo mpaka Agosti. Hilo ndilo lililonishtua kuliko foleni. Mwenye duka la kawaida huomba mzigo uingie. Mimi nilikuwa nimefika mahali pa kuomba usiingie, na riziki yangu ilikuwa inategemea watoto wa wenzangu waendelee kukosa.

Nilimpigia mama Tanga. Nilitaka tu kumsimulia, lakini simu na mama haikawii kugeuka kikao. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu siku hizi wewe ni mlanguzi?" Kwa kizazi chake neno hilo si mzaha. Machi 1983 serikali ilipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mama alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Anakumbuka watu wakitupa vitenge na katoni za sabuni usiku wasikutwe nazo. Nilitegemea anipe mahubiri. Hakunipa. Alisema bila walanguzi wengine asingepata sabuni ya kumfulia kaka yangu nepi. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anavuka mpaka upande wa Mombasa, anarudi usiku na mzigo kichwani, akikamatwa amekwisha. Bei yake ilikuwa kali na watu walilipa, na mpaka leo wanamtaja kwa heri. Lakini kulikuwa na mwingine aliyekuwa na mtu wake kwenye duka la ushirika. Sukari inashushwa, kabla haijafika kaunta inatokea mlango wa nyuma, na jioni unaikuta kwake kwa bei mara tatu. "Yule wa kwanza alituletea," mama akasema. "Huyu wa pili alichukua iliyokwisha kutufikia. Sheria iliwakamata wote, lakini sisi tulijua nani ni nani."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Nilimwuliza pia sheikh wetu hapa. Alinieleza hadithi iliyo katika Sahih Muslim kwamba hahodhi bidhaa ila mwenye makosa, na kwamba wanazuoni wametofautiana: wapo wanaoihusisha na chakula tu, wapo wanaoipanua kwa kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Mdoli si chakula, alisema, hawezi kuniambia ni haramu. Kisha akanikumbusha katazo jingine ambalo nililisoma madrasa nikalisahau, la kuwapokea wenye misafara njiani na kuununua mzigo wao kabla haujafika sokoni. Sababu inayotajwa zaidi ni kumlinda mleta mzigo asiyejua bei ya mjini, na wapo waliosema ni kuwalinda watu wa sokoni wasizibiwe riziki. Nikamfikiria bibi wa LEGO katika sababu ya kwanza, na baba wa blanketi katika ya pili.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia, na ninachowapa wanaoniuliza, ni hiki: kitu hiki kingefikaje kwa mnunuzi wangu kama mimi nisingekuwapo? Kama kisingefika, kwa sababu kiko mbali, kimechakaa, kimekwisha kutengenezwa au hajui pa kukitafuta, basi nina kazi ya kulipwa, na silazimiki kuomba radhi kwa bei. Kama kingefika leo hii kwa bei ya duka, sina kazi. Watu hunijibu kwamba soko ni soko, aliyetangulia ndiye mwenye haki. Ningekubali kama tungekuwa tunatangulia kama watu. Kijana mmoja aliyewahi foleni akanunua boksi moja akaliuza, sina neno naye. Akaunti nyingi za mtu mmoja, programu zinazonunua zenyewe kwa sekunde, vijana kumi wa tajiri mmoja, hiyo si kutangulia. Ni kuigeuza foleni iwe mali ya mwenye mtaji.

Wapo pia wanaosema kampuni ndiyo yenye lawama, maana uhaba huu unaisaidia kujitangaza. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Boksi la kubahatisha limetengenezwa ili usitosheke na la kwanza. Ila lawama ya kampuni hainiondolei yangu. Duka la ushirika nalo lilikuwa na matatizo yake.

Nilitoka kwenye kundi mwanzoni mwa kiangazi. Maboksi niliyobaki nayo niliyauza kwa bei ya duka, na nikawaandikia wanunuzi wazi kwamba hiyo ndiyo bei ya duka. Hapo utaona kitu cha ajabu: wengi walidhani ni bandia. Bei ya haki ilikuwa imegeuka dalili ya utapeli.

Na bandia zilikuwapo tele. Watu waliziita Lafufu. Hata mdogo wangu alikuwa ananitumia picha kutoka Dar, zimening'inia kwenye mikoba ya wasichana. Kama utanunua Labubu kwa mtu, hesabu meno: halisi ana tisa. Angalia stika ya boksi inayong'aa na msimbo wa kuskani ambao lazima ukupeleke kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si nyingine inayofanana nayo. Vuta macho, mikono na miguu kidogo. Mamlaka za Uingereza na Marekani zilitoa tahadhari kwamba sehemu za bandia hung'oka na zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Katika kundi kulikuwa na aliyeshauri tuchanganye halisi na bandia. Huyo simwingizi hata kwenye mjadala wa maadili ya biashara. Ni wizi, na unaweza kumuua mtoto.

Kuhusu hasara, wanaoanza hawaniamini mpaka yawakute. Juni 2025 Labubu mwenye kimo cha mtu aliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 1.08, na kundi zima likaisambaza habari hiyo kama uthibitisho kwamba bei haitashuka kamwe. Mwezi huo huo kampuni iliachia mzigo mkubwa wa kuagiza mapema, na bei za mkono wa pili zikaporomoka China. Kwetu zilifuata. Dada mmoja alikuwa amenunua kwa kadi ya mkopo, riba ikawa inakimbia huku maboksi yamelala. Wakubwa wanaokumbuka midoli ya Beanie Babies ya miaka ya 1990, ilivyopanda bei kisha ikaporomoka, wangemwambia. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1983 mama alipokuwa anatafuta sabuni Tanga, wazazi wa Marekani walikuwa wakikanyagana madukani kugombea midoli ya Cabbage Patch Kids. Uhaba wa midoli huisha. Kiwanda kinaongeza mzigo, watoto wanahamia kwenye kitu kingine, na aliyebaki na maboksi ni yule aliyeingia mwisho, ambaye mara nyingi ndiye aliyekopa. Usiingie na hela ya kodi ya nyumba. Kama mtaji wako unatoka kwenye kadi, usiingie kabisa.

Jingine ni mamlaka ya mapato. Hapa Uingereza, ukiuza vitu vyako vya nyumbani ulivyotumia, kwa kawaida huna kodi ya kulipa. Lakini ukinunua ili uuze kwa faida, wewe ni mfanyabiashara, hata kama ofisi yako ni meza ya kulia. Mauzo yakizidi paundi 1,000 kwa mwaka wa kodi, unatakiwa kuijulisha HMRC, ndiyo mamlaka yenyewe ya mapato. Hiyo ni jumla ya mauzo kabla ya kutoa gharama, na watu wengi hukosea hapo. Tangu Januari 2024 majukwaa kama eBay na Vinted hukusanya taarifa za wauzaji na kuziwasilisha, ukifikisha mauzo 30 au takriban paundi 1,700 kwa mwaka. Tunza kila risiti, hata ya nauli na bahasha. Na kwa kuwa ni mfanyabiashara, mnunuzi wa mtandaoni kwa kawaida ana siku 14 za kubadili mawazo. Nimeona watu wakiandika "hakuna kurudisha" kwa herufi kubwa, wakidhani wamejilinda. Hawajajilinda.

Vijana wa foleni nao wana haki zao. Ukimlipa mtu asimame usiku kwenye baridi, mlipe hata kama mzigo haukushuka. Katika kundi letu walilipwa kwa boksi, wakirudi mikono mitupu hawapati kitu. Tulikuwa tunabishana kuhusu haki ya wateja huku tukimsahau mtoto wa mwenzetu aliyekuwa anakohoa.

Nimerudi kwenye LEGO, na huko nina jambo moja ambalo bado sijalimaliza moyoni. Seti nyingi hukaa dukani mwaka mmoja mpaka mitatu kisha huondolewa, na wapo wanaonunua kwenye punguzo ili wazifiche mpaka zipande. Watafiti wa Moscow walichapisha mwaka 2021 matokeo kwamba seti ambazo hazijafunguliwa zilikuwa zimepanda thamani kwa wastani wa asilimia 11 kwa mwaka, na tangu hapo wengi wamezigeuza akiba. Je, ninazuia au ninatunza? Seti ikiwa imekaa rafuni miaka miwili na kila mtu aliipita, naona ninatunza. Atakayeitaka baada ya hapo hatakuwa na pa kuipata. Zikibaki wiki za mwisho, rafu ina mbili na kuna mtoto anazitazama, siigusi. Katikati ya hali hizo mbili naamua pale pale dukani, na wakati mwingine natoka bila kununua kwa sababu tu sikupata jibu.

Na anayenunua ili atajirike ajue kampuni inaweza kuitoa upya wakati wowote. Millennium Falcon kubwa ya 2007, seti ya chombo cha angani cha filamu za Star Wars, ilifika bei za kutisha mkono wa pili, mpaka LEGO ilipotoa nyingine kubwa zaidi mwaka 2017, yenye vipande 7,541. Waliokuwa wameificha ya zamani waliona bei ikishuka. Waliokuwa wanaitamani kwa miaka walikwenda dukani wakainunua.